Inakaguliwa Ikishaua: Niliyowaambia Watu wa Boda Hapa Busia

Kwa wale ambao hamkufika kwenye mkutano wa wenyeviti wa steji za boda hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, haya ndo niliyosema. Nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni, kelele za honi tu ndo nimeziacha.

Wenyeviti wangu, vijana wa boda, mafundi wenzangu, mama zetu mnaopanda hizi pikipiki kila siku na mizigo yenu na watoto mgongoni, hamjambo? Na wenye pikipiki pia, nyie mliowapa vijana pikipiki wawaletee hesabu jioni, mko wapi? Inueni mikono niwaone. Mmoja... wawili... yule pale nyuma anajificha. Haya, tutarudi kwenu, msiondoke.

Naanza na swali. Pikipiki yako ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Sisemi kuoshwa, kuosha tunaosha sana, kijana anaweza kushinda njaa lakini tanki linang'aa. Nasema mtu mwingine, si wewe, ameinama chini akatazama breki, akatazama taa, akashika gurudumu akalitikisa, halafu akasimama akasema hii inafaa kubeba binadamu ama haifai. Lini?

Naona mnatazamana.

Sasa niwaambie mimi. Pikipiki nyingi za hapa kwetu zinakaguliwa mara ya kwanza siku ya ajali. Ikishagonga, ikishaangusha mtu, inaburutwa mpaka polisi, anakuja mkaguzi wa vyombo, yule tunayemwita IOV, anapima breki, anatazama tairi, anaandika ripoti. Yaani kazi ambayo ingefanyika mtu akiwa hai inafanyika mtu akiwa mochwari. Hiyo ni akili gani jamani? Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilisema barabara za Uganda ziliua watu 5,144. Mwaka wa 2023 walikuwa 4,806. Ilipanda. Na nyie mnajua wenyewe hao watu wengi walikuwa wamepanda nini ama waligongwa na nini, sina haja ya kuwahesabia.

Kuna mtu atasema, lakini serikali haijaleta ukaguzi. Ililetwa. Mwaka 2016 ukaguzi wa lazima ulianza chini ya kampuni ya SGS, vituo vikajengwa, watu wakapiga kelele kuhusu pesa, Bunge likaingia, mambo yakasimama. Sitaki kuingia siasa za hiyo kitu, kila mtu na upande wake, ila niwaulize tu: ule ukaguzi uliposimama, breki zetu zilipona? Cheni zilijikaza zenyewe?

Wenzetu Uingereza pikipiki ikishafika miaka 3 inapelekwa kukaguliwa kila mwaka, usipopita huendi barabarani, kwisha. Mwaka 2018 wakagawa makosa mafungu matatu, makosa madogo, makosa makubwa, na makosa ya hatari, yale ya hatari huruhusiwi hata kuiendesha mpaka itengenezwe. Na kule kwenye hela zao na barabara zao nzuri, mnajua pikipiki zinaangushwa na nini zaidi kwenye ukaguzi? Taa na ishara. Halafu breki, halafu usukani na shokapu, halafu tairi. Hakuna injini hapo. Nilipoisikia hiyo orodha nikasema kumbe hawa watu wamewahi kuja Busia.

Kwa sababu sisi hapa, mafundi kadhaa, tumekuwa tukikagua pikipiki za steji zetu kwa kujitolea, wenyeviti ni mashahidi. Na tulichokuta ni kwamba injini ziko sawa. Oili imebadilishwa, plagi nzuri, kabureta imesafishwa, ukipiga stati inaitika palepale. Halafu ukiinama chini unataka kulia. Yaani kile kinacholeta pesa tunakilisha vizuri, kile cha kutusimamisha tunakiambia ngoja mwezi ujao. Hilo ndo neno langu la leo, mengine yote ni kuwaonyesha.

Tuanze na taa, na sitakaa sana hapo kwa sababu ni aibu tu. Balbu ya nyuma bei yake haipiti rolex mbili, zile chapati za mayai. Rolex mbili! Na bado mtu anaendesha mwezi mzima nyuma hakuna taa. Ukimuuliza anakwambia, mimi mbele naona. Ndugu yangu, taa ya nyuma si ya wewe kuona, ni ya lori la Tororo kukuona wewe. Kuna kijana alikuja, taa ya nyuma inawaka vizuri kabisa, nikamwambia sasa funga mzigo wako kama unavyofunga kila siku. Akafunga. Magunia yakashuka mpaka chini, taa ikapotea, indiketa zikapotea, namba ikapotea. Nikamwambia sasa umepita ukaguzi ukiwa tupu, umeanguka ukiwa kazini, na lori litakukuta ukiwa kazini. Jioni hiyohiyo akashusha taa akaifunga chini ya keria na waya mrefu. Dakika chache.

Halafu taa ya breki. Mnajua inatakiwa kuwaka kwa mguu na kwa mkono pia? Jaribuni mkitoka hapa. Mguu wengi inawaka, mkono haiwaki, swichi yake iling'olewa kebo ilipobadilishwa na hakuna aliyeirudisha. Na vioo, aaah, vioo tunavitoa ili tupenye kwenye jam ya malori pale mpakani, halafu tukigeuka tunageuza shingo yote na pikipiki inafuata shingo. Tuendelee.

Breki. Hapa nitakaa, mnivumilie, na mafundi wenzangu wengine mtanichukia, sawa tu.

Kijana mmoja wa steji, simtaji, aliniletea Boxer yake akiwa na furaha kabisa. Akaniambia, fundi, breki ya nyuma sikuletei, ile imetengenezwa jana, angalia tu mbele. Nikakanyaga pedo. Kweli iko juu, iko kali. Mtu yeyote angesema imepita. Lakini mimi nikatazama mkono wa breki, kile chuma kinachovutwa na fito pale kwenye hab, kitovu cha gurudumu, nikaona kimeegemea upande ambao hakitakiwi kuegemea. Nikasema tufungue.

Sasa sikilizeni vizuri kwa sababu hii hila mnafanyiwa na hamjui. Ndani ya ile hab kuna breki shuu mbili, na katikati ya ncha zake kuna kijiti cha chuma bapa, ukikanyaga kinageuka, kinatanua shuu, shuu zinasugua. Shuu zikiisha inabidi kijiti kigeuke zaidi, ndo maana pedo inashuka, ndo maana unakaza nati ya nyuma kila wiki. Mwisho nati inafika mwisho wa uzi. Hapo pikipiki inakwambia, bwana, nunua shuu. Fundi mwaminifu atakwambia nunua shuu. Fundi mwenye haraka, ama fundi ambaye umemwambia fanya tu leo hesabu haijatimia, anachomoa ule mkono, anauzungusha jino moja, anaurudisha. Pedo inapanda juu! Wewe unafurahi, unalipa, unaondoka. Shuu bado ni ileile.

Na huyu wa kwangu alikuwa amefanyiwa zaidi. Tulipofungua, kikadondoka kipande cha bati. Bati la mkebe wa soda, limekatwa kwa mkasi, limekunjwa mara mbili, limechomekwa kati ya kile kijiti na ncha ya shuu ili kujaza nafasi. Rangi nyekundu ya soda bado inaonekana. Shuu yenyewe imebaki nyembamba kiasi kwamba upande mmoja chuma kimeshaanza kula hab. Kijana alikuwa amebeba mama na mtoto asubuhi hiyo, akiamini kile kipande cha mkebe. Nikamwekea mkononi akakishika akanyamaza.

Na kile kijiti kikigeuka kupita kiasi kinaweza kupinduka na kukwama. Breki inashika na haiachii. Ukiwa kwenye lami, na abiria, na lori nyuma. Fikiria mwenyewe.

Utajuaje bila kufungua? Pikipiki nyingi zina kishale kidogo pale kwenye mkono wa breki, na alama kwenye hab. Kanyaga breki mpaka mwisho, mtu mwingine atazame. Kishale kikigusa alama, shuu zimekwisha, hakuna mjadala. Kishale hakipo? Uliza kilienda wapi. Mkono umekaa kichwa chini tofauti na pikipiki ya mwenzako ya aina hiyohiyo? Uliza nani aliugeuza. Hiyo haihitaji ufundi, inahitaji macho.

Sijamaliza. Ya mbele je? Ni wangapi hapa breki ya mbele haishiki kabisa na mnajua? Msiogope... naona, naona, mikono ni mingi kuliko ile ya wenye pikipiki. Na sababu naijua, mtu alikufundisha kwamba breki ya mbele inaangusha. Mnafundishana hivo steji kwa steji. Ni hivi: ukishika breki, uzito wote unakuja mbele, wewe mwenyewe unasikia mwili unasukumwa mbele na abiria anakuegemea. Kwa hiyo gurudumu la mbele ndo linakaa vizuri chini na ndo lina nguvu kubwa ya kusimamisha. Ukitumia ya nyuma peke yake umetupa sehemu kubwa ya breki yako. Inaangusha ukiishika kwa ghafla kwenye marram ama kwenye matope, ama ukiwa umekata kona. Shika pole, shika zote mbili, jifunze ukiwa hujabeba mtu. Lakini usikate kebo jamani! Tumekuta kebo zimefunguliwa zikafungwa na waya wa umeme pembeni zisipige kelele.

Haya tairi. Kuna mzee mmoja analeta samaki kutoka Majanji alfajiri, mtu mzuri, mcha Mungu. Tairi lake la nyuma lilikuwa na michoro mizuri mno, nikashangaa, tairi la zamani michoro mipya. Nikapitisha kidole, nikasikia kingo zinakata. Kumbe limechongwa na kisu cha moto. Mpira uliokuwa umebaki ndo huohuo umepunguzwa tena ili ionekane kuna mchoro! Chini ya mfereji mmoja nyuzi zinaonekana, nyeupe. Kule Uingereza pikipiki inatakiwa kuwa na angalau milimita 1 ya mchoro, huyu mzee alikuwa nazo, amezichonga mwenyewe, na zote ni uwongo. Samaki wa watu, barabara ina umande, na amekaa juu ya tyubu na nyuzi.

Tairi lina alama zake. Ndani ya mifereji kuna vijimuinuko vidogo, mpira ukisawazika navyo, limekwisha. Na pembeni tafuta tarakimu nne mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, ukikuta 3219 maana yake limetengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Hapa mpakani mnauziwa tairi limepakwa rangi nyeusi linang'aa kama kiatu cha shule, mnaambiwa jipya. Soma namba kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikasirika, achana naye.

Na beringi za gurudumu, ni hivi tu: shika gurudumu juu na chini, tikisa. Likicheza, beringi imekwisha. Usukani vilevile, weka stendi ya katikati, mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liwe juu, shika foku kule chini uvute na usukume, ukisikia kitu kinagonga, koni, yaani beringi za usukani, zimelegea. Geuza usukani polepole kutoka huku mpaka huku, ukisikia unakwama katikati pale panapoelekea mbele, koni zimeshajichimbia, kukaza hakusaidii, badilisha. Wengi mnasema barabara mbaya inavuta pikipiki upande. Si barabara.

Sasa kuchomelea. Hili linanikera na nitalisema. Keria ya kiwandani ni fupi, mnaenda kwa mchomeleaji anawawekea ndefu, siti inaongezwa, wanakaa watatu wanne, na sheria inasema abiria ni mmoja, mnaijua sheria nyie kuliko mimi. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma unanyanyua mbele, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unaelea. Jeri kani sita za maji za lita 20 ni kilo 120. Hiyo ni karibu na uzito wa pikipiki yenyewe. Umebeba pikipiki nyingine juu ya pikipiki, halafu unashangaa shokapu zinavuja na spoki zinakatika! Na fremu ikichomelewa ovyo pale karibu na siti, chuma kinapoteza nguvu pembeni ya ule mshono, ufa unaanza mdogo kama unywele chini ya rangi. Tumeuona. Mwenyewe alidhani ni mchubuko.

Mengine nayataja nikipita: kifuniko cha tanki kimepotea umeziba na kavera, mfuko wa plastiki, petroli inamwagika kwenye injini ya moto. Cheni, isukume chini katikati, ikicheza zaidi ya sentimita 3 hivi ikaze, na uizungushe ujaribu sehemu nyingine kwa sababu hailegei sawa kote. Akseleta ukiiachia irudi yenyewe, paa, isipojirudisha usipande.

Sasa nyie wenye pikipiki. Nilisema tutarudi kwenu.

Tulipokuwa tunakagua, kila kosa tuliuliza, hii mbona hujatengeneza? Na jibu lilikuwa moja, bosi alisema hiyo ni juu yangu. Tukimpigia bosi, anasema nilimpa pikipiki nzima, yeye ndo anaiharibu. Kijana hanunui shuu kwa sababu pikipiki si yake na hajui kama mwezi ujao atakuwa nayo. Bosi hanunui kwa sababu si yeye anayekaa juu yake. Katikati pale abiria anakaa juu ya kipande cha mkebe wa soda. Mnapoandikiana mkataba mnaandika hesabu ya siku, mnaandika siku ya servisi ya oili, hamwandiki breki, hamwandiki tairi. Kwa nini oili iko na breki haiko? Kwa sababu oili ikikosa injini inakufa na hasara ni ya bosi. Breki ikikosa... nimeacha hapo, mnaelewa.

Biashara hii ilianzia hapa, wazee wetu walivusha watu na baiskeli kati ya vituo viwili vya mpaka kabla ya pikipiki kuingia kwenye kazi hii, na leo inajulikana dunia nzima. Sisi ndo wa kungoja Kampala itukagulie breki kweli?

Maswali yalikuwa mengi, naweka mawili tu.

Mwenyekiti mmoja aliuliza, tukianza kuzuia pikipiki mbovu kwenye steji, si huyo kijana atahamia steji nyingine? Nikamjibu atahamia, ndiyo, ndo maana nimewaita wenyeviti wote siku moja na si mmoja mmoja. Mkikubaliana orodha moja, aende wapi? Na msianze na mambo ishirini mkachoka wiki ya pili. Anzeni na matatu: breki zote mbili zishike, taa ya nyuma iwake mzigo ukiwa umefungwa, tairi lisionyeshe nyuzi. Mengine mtaongeza.

Mama mmoja anayeuza nguo pale Sofia akauliza, sisi abiria tufanyeje, hatujui ufundi. Nikamwambia kabla hujapanda, mwambie ashike breki ya mbele halafu wewe sukuma pikipiki. Ikienda, usipande. Akauliza, na akinitukana? Wakacheka wote. Lakini kabla sijajibu mwenyekiti wa steji yake alisimama akasema akikutukana njoo kwangu, na akataja namba yake ya simu mbele ya watu wote, mara mbili. Kesi ya kwanza aliipata siku ileile, kijana wa steji yake mwenyewe, Boxer ya bluu, breki ya mbele haina kebo. Ameisimamisha mpaka bosi alete kebo, na hadi naandika hapa bosi bado anabishana bei.